Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: alama za watoto mnazo, hamu yao ya Hisabati hamjaipima

Kwa Waziri wa Elimu, Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), Tume ya Huduma za Walimu (TSC), na wakuu wa elimu katika Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kisauni. Nafundisha Hisabati sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, na nawaandikia kwa jambo moja tu. Mtoto wa Gredi ya 9 anapopangiwa nafasi sekondari pevu, alama zake mnazo zote: tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6 (KPSEA) asilimia 20, tathmini za shuleni asilimia 20, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9 (KJSEA) asilimia 60. Jumla mia, hesabu imetimia. Lakini katika hiyo mia hamna hata moja inayosema kama somo hili mtoto analitaka, analitakia nini, na kulisoma kunamgharimu nini.

Mtanijibu kwamba ameulizwa, maana mkondo wa masomo ya sekondari pevu kachagua mwenyewe. Niseme ukweli wa ninayoyaona. Mtoto wa miaka 14 au 15 hajazi fomu ya mkondo peke yake. Baba ana lake, shangazi aliye Nairobi amepiga simu ana lake, sisi walimu tumefungua daftari la alama tunamwambia "wewe nenda Sayansi" au "wewe jaribu Sanaa". Kilichoandikwa mwishoni ni makubaliano ya watu wazima. Huenda ni makubaliano mazuri, lakini hamu ya mtoto haimo, na darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026 kwa mtindo huo.

Tena mwaka 2025 wizara ilitangaza kwamba Hisabati itabaki ya lazima kwa mikondo yote mitatu: ile nzito kwa wanaokwenda mkondo wa Sayansi na Teknolojia, na ile ya matumizi ya kila siku kwa wa Sayansi za Jamii na wa Sanaa na Michezo. Sina ugomvi na uamuzi huo, niliufurahia. Ila wazee walishasema hiari yashinda utumwa. Somo likishakuwa la lazima kwa kila mtoto hadi amalize shule, serikali inapaswa kujua ni wangapi wanalisoma kwa hiari na ni wangapi wanaburutwa. Kwa sasa hilo halijulikani shuleni kwangu, na sidhani linajulikana hapo mlipo.

Siombi mlete hojaji yoyote ile, haraka haraka. Hojaji mbovu nimeshaiona ikifanya kazi, na ni bora kutopima kuliko kupima vile.

Muhula mmoja walikuja watu shuleni kupima motisha ya wanafunzi katika Hisabati. Sitawataja, wala hakuna haja. Walikuwa na heshima zao na barua zote za ruhusa. Ilikuwa Ijumaa, kipindi cha mwisho kabla ya watoto kutoka kwenda kuswali. Fomu zilikuwa za Kiingereza, kurasa kadhaa zimebanwa kwa stepla, juu kabisa nafasi ya jina la mwanafunzi, chini yake kauli zimepangwa moja moja, na kando ya kila kauli miraba mitano kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Niliombwa nisimamie. Basi nikasimama mbele ya darasa, mimi mwenye somo linaloulizwa, mimi mwenye kusahihisha mtihani wao wa wiki inayofuata.

Kijana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Ticha, hapa jibu lake ni lipi?"

Nikamwambia hakuna jibu sahihi, aseme anavyohisi moyoni. Akanitazama kwa shaka, kisha akachungulia karatasi ya jirani yake. Simlaumu. Tangu alipoanza shule, kila karatasi yenye miraba aliyopewa ilikuwa na jibu moja la kupata na mengine ya kukosa.

Nyuma yake kulikuwa na msichana aliyemaliza kabla ya wote. Alitia tiki safu ya mwisho, "nakubali kabisa", kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alikubali kabisa kwamba Hisabati inamfurahisha, na chini kidogo akakubali kabisa kwamba inamchosha. Kulikuwa na kauli moja yenye ukanushi mara mbili ndani yake, ambapo anayelipenda somo ilimbidi akatae kwamba hakatai. Nayo aliikubali kabisa. Baadaye nikamuuliza pembeni, mbali na wenzake, kwa nini amefanya hivyo. Akainamisha kichwa: "Sasa Ticha, nikiandika silipendi somo lako, si utaona vibaya?"

Huyo hakuwa mvivu wala mwongo, alikuwa na adabu tu. Watoto wetu wa Pwani wamelelewa wasimkatalie mtu mzima usoni, na hiyo fomu iliwaomba wamkatalie mwalimu wao, kwa maandishi, majina yao yakiwa juu, naye amewasimamia. Ripoti ilipotufikia ilisema wanafunzi wetu wana motisha ya juu ya Hisabati. Niliisoma nikiwa na rundo la madaftari mezani, mengine hayajaguswa tangu muhula ulipoanza.

Na ripoti ilikuwa na ushahidi wake. Ilitaja alfa ya Cronbach, kile kipimo cha mwaka 1951 ambacho watafiti hukitumia kuonyesha kwamba kauli za hojaji zinakubaliana, na kwa kawaida ikipita 0.70 watu huridhika. Ilipita vizuri. Waheshimiwa, nyinyi mna wataalamu wa takwimu, waulizeni: mtoto anayetia tiki safu moja kutoka juu hadi chini anafanya kauli zikubaliane au zikosane? Kauli zikiwa nyingi za upande mmoja, darasa zima la watoto wenye adabu linaweza kutoa alfa nzuri ajabu. Alfa inasema kauli zinakwenda pamoja. Kinachozipeleka pamoja, kama ni hamu ya somo au ni hofu ya mwalimu, haikwambii.

Mtindo wa miraba mitano si mbaya wenyewe. Rensis Likert aliueleza mwaka 1932 na dunia nzima inautumia hadi leo. Lakini hata penye fedha na wataalamu, majibu yake yana mitego. Katika TIMSS, mtihani wa kimataifa wa Hisabati na Sayansi ulioanza mwaka 1995, wanafunzi wa Japani na Korea Kusini hukaa karibu na kilele kwa alama, na wakati huohuo wamo miongoni mwa wanaosema hawalipendi somo kuliko wenzao wa nchi nyingi zilizo chini yao. Ndani ya nchi moja anayelipenda somo kwa kawaida hufanya vizuri zaidi. Ukilinganisha nchi na nchi, mambo yanageuka. Sababu moja ni kwamba mtoto hujipima kwa walio karibu naye. "Mimi najitahidi sana" ya mtoto wa shule yenye ushindani mkali si "najitahidi sana" ya mtoto aliye darasani na wenzake waliokwisha kukata tamaa. Kwa hiyo msije mkalinganisha wastani wa Nyali na wastani wa Jomvu mkadhani mmepata jambo.

Nikiutaja wastani, mwalimu wa Hisabati hukosa usingizi. Nipeni nafasi kidogo hapa.

Chukueni wanafunzi wawili na kauli nne: naifurahia Hisabati, itanifaa maishani, naamini naiweza, sina hofu nayo. Wa kwanza anajibu 5, 5, 1, 1. Wa pili 3, 3, 3, 3. Wote wastani wao ni 3, na ripoti itawaita wa kati. Huyo wa kwanza anawaka kwa somo na anajua lina faida, lakini haamini kwamba ataliweza na moyo unamwenda mbio akiona karatasi. Anahitaji mwalimu wa kumtoa hofu. Huyo wa pili hana hofu na hana hamu, yupo tu. Anahitaji kitu tofauti kabisa. Kuwatia kwenye namba moja ni kujumlisha kilo na lita, na kosa hilo mtoto wa Gredi ya 4 hukatwa alama.

Wenye fani hii walishalijua zamani. Elizabeth Fennema na Julia Sherman, kule Marekani mwaka 1976, waliwatengenezea wanafunzi wa sekondari vipimo tisa vilivyotengana: kujiamini mbali, wasiwasi mbali, faida ya somo mbali, mchango wa mama, wa baba na wa mwalimu kila mmoja mbali, hata ile dhana kwamba Hisabati ni mambo ya wanaume wakaipa kipimo chake. (Hiyo ya mwisho tuitake hapa Mombasa upesi. Nina wasichana wanaofuta jibu sahihi mvulana akisema tofauti.) Edward Deci na Richard Ryan nao, kuanzia miaka ya 1970 na 1980, walionyesha kwamba si swali la motisha kuwa nyingi au chache tu, kuna aina zake. Kuna mtoto anayefanya hesabu kwa sababu hesabu yenyewe inamvutia. Kuna anayefanya kwa kuwa ameona itamfikisha anakotaka, tuseme uhandisi wa meli pale bandarini. Kuna anayefanya ili asiaibike, na kuna anayefanya ili asipigwe. Na kuna asiyejua kabisa anafanya kwa nini. Nje wote wameinama juu ya daftari. Siku adhabu au zawadi ikiondoka, yule wa kuogopa aibu na yule wa kuogopa fimbo wanafunga daftari.

Deci alilijaribu hilo mwaka 1971. Aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga. Wengine wakalipwa kwa kila fumbo walilotatua, kisha malipo yakasitishwa. Alichotazama ni kile walichokifanya walipoachwa wakae tu bila kuamriwa, naye akaona waliowahi kulipwa hawakurudia mafumbo kama mwanzo. Nalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, zawadi za sahani na thermosi tunazogawa siku ya wazazi kwa waliopata alama za juu tuzifikirie upya. Pili, alipima hamu bila kuuliza swali hata moja.

Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kupimwa Mombasa, ningechagua gharama. Jacquelynne Eccles na wenzake walieleza mwaka 1983 kwamba mtoto hufuata somo akitarajia kuliweza na akiona lina thamani kwake, na ndani ya hesabu hiyo wakaweka kile ambacho somo linamnyima. Hapa ndipo hojaji za kutoka nje hutupita. Mtoto anayekaa Likoni na kusoma kisiwani anapanga siku yake kwa feri, si kwa ratiba ya masomo. Mwingine akitoka shule saa tisa u nusu anakula, anaoga, anakwenda madrasa, anarudi magharibi imeingia, na ndipo afungue daftari la Hisabati chumba kimoja na wadogo zake wanne na televisheni. Mwingine jioni yuko kwenye meza ya mamake ya viazi karai. Akiniambia "Ticha, sikufanya" namwandika mvivu, na labda hamu anayo tele isiyo na saa wala mahali pa kukaa. Kipimo kisichouliza gharama kitasema watoto maskini hawapendi Hisabati. Hilo litakuwa tusi lenye mihuri.

Jambo jingine ni wakati. Adele Gottfried na wenzake waliwafuata watoto haohao kule Marekani kutoka miaka 9 hadi 17, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2001 hamu ya ndani ya kusoma ilikuwa ikishuka kadiri mtoto anavyokua, na Hisabati ndiyo iliyoshuka zaidi. Sijui mwalimu wa sekondari msingi atakayeshangaa. Watoto huingia Gredi ya 7 wakigombania kwenda ubaoni, na kufika Gredi ya 9 ubao unawatazama wao. Sasa, mkipima mara moja, Gredi ya 9, mtaona tu kwamba hamu iko chini. Hamtajua ilianza kushuka lini: tulipoanza aljebra, walipobadilishiwa mwalimu katikati ya mwaka, au walipoona alama ya kwanza ya "mbali na matarajio". Watoto walewale wapimwe Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, kila mmoja akilinganishwa na alivyokuwa mwenyewe.

Basi nasema ninachoomba.

KICD na KNEC, tengenezeni kipimo kwa Kiswahili, na msitafsiri kauli za watu neno kwa neno mkaridhika. Kabla hakijachapwa, kaeni na watoto wachache wa Bangladesh kule Jomvu, wa Majengo, wa Bamburi. Mtoto asome kauli kwa sauti, kisha aeleze kwa maneno yake ameelewa nini. Kauli inayowafanya watatu wacheke na wa nne aulize "yaani?" itolewe. Ukanushi mara mbili usiwemo kabisa. Kauli ziwe za mambo yanayoonekana: "Wiki iliyopita nilijaribu swali ambalo mwalimu hakutupa" inajibika, kuliko "Nina ari kubwa ya Hisabati".

Siku ya kujaza, mwalimu wa somo atoke nje. Jina lisiandikwe. Itumike namba ambayo shule haina ufunguo wake, ili watoto waweze kufuatiliwa mwaka hadi mwaka bila sisi kuwajua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto, na ridhaa hiyo iwe barua inayosomeka, isiwe mstari mmoja chini ya fomu ya karo.

Kando ya hojaji, tazameni vitendo. Kipindi kimoja wawekewe mezani karatasi tatu: mazoezi mepesi, fumbo gumu lisilo na alama, na hadithi ya kusoma. Wachague, na mtu ahesabu tu ni wangapi wamegusa fumbo na wamekaa nalo kwa muda gani. Haihitaji tarakilishi wala bando.

TSC, kwenu nina ombi la jambo la kutofanya. Matokeo haya yasiingie kwenye TPAD, ule mfumo wenu wa kutathmini kazi ya mwalimu. Donald Campbell aliandika miaka ya 1970 kwamba kipimo cha jamii kikizidi kutumiwa kuamulia mambo, ndivyo kinavyozidi kuharibika na kuharibu kile kilichokusudiwa kupimwa. Siku motisha ya darasa langu itakapokuwa sehemu ya tathmini yangu, najua nitakachofanya, na mwalimu wa darasa la jirani naye anajua: tutawafundisha watoto kujaza fomu. Kwa sababu hiyohiyo isitumike kumpangia mtoto mkondo, na magazeti yasipewe orodha ya shule za hamu ya juu na za hamu ya chini. Mtoto akijua jibu lake litamfungia mlango, atawapa jibu mnalolitaka.

Waziri, lililo kwako ni fedha na walimu. Sekondari msingi nyingi Hisabati inabebwa na mtu mmoja anayebeba na masomo mengine, mara nyingi ni mwalimu mwanagenzi asiyejua kama mwaka ujao atakuwepo. Kipimo kikionyesha hamu inavunjika Gredi ya 8 na jibu la wizara likawa semina ya siku mbili hotelini, afadhali karatasi hizo zisichapwe.

Kaunti najua mtasema sekondari si yenu kikatiba. Ni kweli, yenu ni chekechea na vyuo vya ufundi. Lakini katika vyuo hivyo mna vijana waliopita mikononi mwetu. Fundi umeme anayejifunza pale anahitaji hesabu kila siku. Muulizeni alianza kuichukia lini, na kama sasa anaichukia bado. Majibu yake tunayahitaji huku chini kuliko hotuba.

Ninalopendekeza linaanzika mwaka huu: shule moja moja tu katika kila moja ya kaunti ndogo sita, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, kwa Gredi ya 7, na matokeo yarudi kwa walimu wa shule hiyo ndani ya muhula uleule. Yakirudi baada ya miaka miwili watoto wameshaondoka nasi tumeshahamishwa.

Nakala ya barua hii nimempa mkuu wa shule yangu, naye amekubali darasa letu liwe miongoni mwa ya kwanza mkikubali. Wazazi tutawaita wenyewe. Nasubiri jibu lenu kupitia ofisi yake.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Hisabati, sekondari msingi,
Kisauni, Mombasa